Uzi: Maduka ya chuoni na maadili ya biashara ya Kiislamu, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Assalaam alaykum wakuu. Maduka mengi chuoni yana Bismillah mlangoni na kalenda yenye picha ya Makka ukutani. Mimi nataka kujua yanavyowatendea wateja: nini kilikufanya urudi, au uhame? Majina ya vyuo na maduka tuyaache. Kero yangu ni pipi. Ukidai chenji ya mia unapewa pipi mbili. Qur'ani (4:29) inataka biashara ya kuridhiana. Mimi sijaridhia, nimenyamaza tu kwa sababu foleni ni ndefu.

BintTanga: Nilinunua laptop ya mtumba kwa kaka mmoja mwenye duka la kopi nyuma ya hosteli. Kabla sijatoa hela akachomoa chaja, akasema, "Dada, tazama, betri haimalizi saa, na spika hii ya kushoto inakoroma." Akapunguza bei mwenyewe. Sasa ripoti ya fildi, vocha, flashi, vyote nachukua kwake, japo kopi za jirani ni rahisi zaidi. Ndiyo ile hadithi ya Mtume aliyoipokea swahaba Hakim bin Hizam, imo katika kitabu cha Bukhari: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa.

MzeeWaBumu: Kwangu ni madeni. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, kuna mama hukopesha mchele na sabuni, anaandika mbele yako, anakusomea. Jirani yake naye hukopesha, ila mwezi ukipita anaongeza elfu mbili. Anaita "usumbufu".

UstadhBlokuC: Hiyo ni riba, mkuu, hata aiite nini. Angekwambia mwanzo kabisa, taslimu elfu kumi, mkopo elfu kumi na moja, mkakubaliana bei moja kabla ya kuachana, wanazuoni wengi wanaruhusu. Kuongeza baada ya deni kuchelewa ndiko kubaya. Na asiyekuwa nacho apewe muhula, sura ya Baqara aya ya 280.

MuuzaDuka: Nipo upande wa pili wa kaunta, na nyie semeni ukweli. Mtu anahitimu, anapanda basi, jina linabaki daftarini! Muhula gani huo? Ila pipi siungi mkono. Sarafu ni shida kweli, kwa hiyo mia ya mteja naiandika, akirudi anaichukua. Wengi hawaidai, lakini jioni wanakuja kununua mkate.

Msomi_wa_Pemba: Dada wa steshenari aliniprintia pendekezo la utafiti, kurasa za mwisho zikatoka zimefifia, hazisomeki. Akataka hela yote. Nikamkumbusha Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini kumeloa, akasema anayeghushi si katika sisi. Akanijibu, "Kile kilikuwa chakula kaka, huu ni wino."

Mwanzisha uzi: 😂😂 Ukalipa? Na waliowahi kurudisha bidhaa mbovu wakapewa hela yao bila kununiwa, mko wapi?