Chama kimelala, chuo kimekula ruzuku: niachane navyo?

Kutoka: Brooklyn Park, Minnesota

Wakubwa shikamooni, wengine habari za wiki. Nina mambo mawili yamenifika hapa shingoni. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, chama cha wafanyakazi kinakata ada kwenye kila mshahara. Juzi nimeandikiwa onyo kwa zamu ambayo hata sikupangwa. Nimempigia mwakilishi wa chama mpaka nimechoka. Hapokei, ujumbe hajibu. Chuoni nako mshauri aliniweka Kiingereza cha wageni, halafu hesabu za maandalizi, muhula baada ya muhula. Sasa nataka kuhamia chuo kikuu nisomee RN, uuguzi kamili wa leseni, naambiwa mengi niliyosoma hayahesabiki, na ruzuku imeliwa. Nafikiria kuacha vyote, nibebe boksi tu kama wenzangu. Mnanishauri nini?

Kutoka: Dallas, Texas

Pole sana dada. Toka huko. Texas hakuna anayelazimishwa kulipa chama, na maisha yanaenda. Ni yaleyale ya nyumbani, hela inakatwa juu kwa juu, mkutano huitwi, ukipata shida hawakujui. Chuo nacho kimeshakula chake.

Kutoka: St. Paul, Minnesota

Dada yangu, pole kwa yote mawili. Kaka wa Dallas nimekusoma, na hasira yako naielewa. Wengi wetu tumekuja hapa tukiwa na donge la makato tangu nyumbani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale chama kinapokubaliana hivyo na mwajiri. Mtu aliyekatwa miaka bila kumwona kiongozi wake, ukimtajia chama Marekani anasikia wizi uleule. Hata hivyo mimi nasema haya mambo mawili yasitiwe kapu moja. Chama usikihame. Chuo, kama hesabu zake hazikai sawa, kihame mapema.

Naanza na chama. Kaka kasema kweli kuhusu Texas. Tangu sheria ya Taft-Hartley ya 1947 jimbo linaweza kupiga marufuku ada ya lazima, na leo majimbo 26 yamefanya hivyo. Minnesota haimo. Kwa wafanyakazi wa serikali, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta ada ya lazima nchi nzima mwaka 2018 katika kesi ya Janus. Lakini nyumba yako ya wazee ni ya kampuni binafsi, kwa hiyo Janus haikuhusu. Ukijitoa, mkataba wa chama na mwajiri unaweza bado kukudai uchangie gharama za majadiliano. Utakachopoteza ni kura: hutapigia kura mkataba, hutachagua viongozi. Yaani unaendelea kulipa sehemu kubwa na mdomo wako unafungwa. Hapo sioni faida.

Simu nakuomba uache kabisa. Simu haiachi alama. Andika barua pepe fupi: tarehe ya onyo, jina la meneja aliyelitoa, zamu wanayodai, na picha ya ratiba inayoonyesha hukupangwa. Sema wazi kwamba unaomba malalamiko rasmi yafunguliwe. Mtumie mwakilishi, na nakala iende ofisi ya chama. Omba pia mkataba wenyewe. Sheria ya vyama ya 1959 inampa kila mfanyakazi anayeguswa na mkataba haki ya kupewa nakala akiiomba, awe mwanachama au asiwe. Wengi wetu tunafanya kazi chini ya mkataba ambao hatujauona hata jalada lake.

Chama kina wajibu wa kukuwakilisha kwa haki, bila ubaguzi na bila kukupuuza kwa makusudi. Niseme ukweli, wajibu huo si mkali kama tunavyotaka. Uzembe wa kawaida peke yake hautoshi kukishinda chama kwenye kesi. Ndiyo maana karatasi ina thamani: aliyeandika mara kadhaa akanyamaziwa ana cha kuonyesha. Wakikunyamazia kabisa, unaweza kukishtaki chama chenyewe mbele ya Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, NLRB, ndani ya miezi sita, na kufungua shauri ni bure. Wanaofanyia kaunti au jimbo wana sheria nyingine, wasinifuate mimi hapa.

Kuna kitu nimekiona kwa macho, nikiwa nimekaa pembeni ya mwenzetu kama shahidi. Meneja anakuita ofisini, anafunga mlango, anasogeza karatasi na kalamu mezani, anasema kwa upole kabisa, "weka sahihi tu, ni utaratibu." Mtu wetu, kwa adabu aliyolelewa nayo, anaweka sahihi kisha anashukuru. Tangu kesi ya Weingarten ya 1975, penye chama, ukihojiwa na unaona mahojiano yanaweza kukuletea adhabu, una haki ya kusema, "naomba mwakilishi wangu awepo kabla sijajibu." Lakini lazima uombe mwenyewe. Mwajiri halazimiki kukukumbusha. Hii sentensi kila mtu humu aikariri kwa Kiingereza chake.

Na viongozi waliolala wanaondoka. Sheria hiyohiyo ya 1959 inalazimisha matawi kuchagua viongozi kwa kura ya siri angalau kila miaka mitatu, na taarifa za fedha za vyama, mishahara ya viongozi ikiwemo, ziko wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi. Zisomeni. Kwenye nyumba za wazee za mji huu sisi Waafrika Mashariki tumejaa zamu za usiku, ila mikutano inapangwa saa ambazo tumelala. Hilo nalo ni la kudai.

Sasa chuo. Hapa nakasirika zaidi, kwa sababu ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ina mwisho. Ni sawa na mihula 12 ya masomo kamili kwa maisha yako yote, na kozi za maandalizi zinakula humohumo. Kwa vyuo vya jimbo hapa Minnesota, angalia orodha ya matokeo yako. Kozi yenye namba chini ya 1000, ile inayoanza na sifuri, ni ya maandalizi na haikufikishi kwenye digrii. Wewe umesoma sekondari Tanzania, ambako kuanzia kidato cha kwanza masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Kukuweka Kiingereza cha wageni kwa kusikia lafudhi au kwa mtihani mmoja wa kompyuta ni kukudhulumu. Wanaoanza sasa, pelekeni vyeti vikatathminiwe na shirika kama WES au ECE, ombeni viangaliwe pamoja na mtihani, na mkiona mmepangwa chini ombeni kurudia mtihani kabla hamjajiandikisha.

Kuhusu kuhama, hauko peke yako. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kwenye digrii. Kwa hiyo usimuulize mshauri wa chuo unakotoka. Muulize wa chuo unakokwenda, idara ya uuguzi yenyewe, na jibu liwe kwa maandishi. Vyuo vya jimbo letu vina utaratibu wa krediti 40 za masomo ya jumla unaoitwa MnTC. Ukizikamilisha, vyuo vikuu vya jimbo vinazipokea zote kama kifungu kimoja. Uliza umebakiza ngapi. Anatomia na fiziolojia ziangalie kwa makini, maana programu nyingi za uuguzi hazipokei masomo ya sayansi yaliyozeeka.

Kabla hujatoa hela popote, tazama kiwango cha kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, cha chuo husika, bodi za uuguzi zinakitangaza. Na kama kipato cha familia hakifiki dola 80,000 kwa mwaka, uliza North Star Promise, mpango wa jimbo ulioanza 2024 wa kulipa ada iliyobaki kwenye vyuo vya umma. Huenda ruzuku iliyoliwa ikazibwa hapo. Kubeba boksi si aibu, lakini usibebe kwa sababu mshauri mmoja hakujua kazi yake.

Kutoka: Dallas, Texas

Dada wa St. Paul, hilo la kulipa huku huna kura sikulijua, kwetu huku ni tofauti. Nafuta ushauri wangu kwenye chama. Kwenye chuo nabaki palepale.

Kutoka: Brooklyn Park, Minnesota

Asanteni sana jamani. Namba za sifuri ninazo nyingi, nimeziona sasa hivi. Kesho naandikia idara ya uuguzi.

Kutoka: St. Paul, Minnesota

Idara inaweza kungoja kesho. Onyo uliandikiwa tarehe gani? Mikataba mingi inakupa siku chache tu za kufungua malalamiko, na zikipita hata mwakilishi mzuri hana la kufanya.

Kutoka: Brooklyn Park, Minnesota

Jumatatu ya wiki hii.

Kutoka: St. Paul, Minnesota

Basi andika usiku huu kabla hujalala. Nitumie rasimu pembeni, niisome kabla hujaituma.