Kitanzi cha homoni: matone hayaishi, nivumilie au nikitoe?

Mama Pacha: Dada zangu, naombeni msaada. Niliwekewa kitanzi cha homoni, kile kidude cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mji wa mimba, na nesi akanitahadharisha kwamba damu itayumba kidogo mwanzoni. Kidogo! Mwezi wa tatu huu sijui lini niko kwenye siku zangu na lini sipo. Haijazi pedi, lakini haikauki. Leo doa la kahawia, kesho nyekundu, keshokutwa kweupe. Nikithubutu kuvaa nguo nyeupe tu, hiyo hapo. Homa sina, tumbo hunyonga kidogo jioni. Mliopitia haya, yalikatika lini?

Shangazi wa Wote: Pole mdogo wangu. Mimi yalinisumbua hadi karibu nusu mwaka, kisha yakaanza kuruka wiki. Sasa hedhi yangu ni doa tu, linapita. Kilichonisaidia ni kalenda: M kwa matone, D kwa damu kamili. Kichwani nilijiona natoka damu kila siku, kalenda ikaniumbua.

Nesi Zamu ya Usiku: Mama Pacha, miezi 3 hadi 6 ya kwanza hali hiyo tunaitarajia. Homoni iliyomo, levonogestreli, inapunguza unene wa ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Ukuta ukiwa bado haujatulia, unabanduka vipande vipande, ndiyo hayo matone. Baadaye hubaki kidogo sana cha kutoka. Kwa kitanzi chenye miligramu 52 za homoni hiyo, mwaka ukiisha karibu mwanamke 1 kati ya 5 haoni hedhi kabisa. Na hapana, damu haijirundiki tumboni, naulizwa hilo kila wiki. Kinachojulikana kwa kuongeza hedhi ni kile cha shaba.

Nawa mikono, chuchumaa, zitafute kwa kidole ukeni nyuzi za kitanzi, usizivute. Ukizikosa, zikiwa ndefu kuliko mwanzo, au ukigusa kitu kigumu cha plastiki, huenda kimeshuka: tumieni kondomu hadi upimwe. Pima na mimba. Ni nadra kuipata ukiwa nacho, lakini ikitokea inaweza kutunga nje ya mji wa mimba. Maumivu makali chini ya kitovu, homa, uchafu unaonuka, kizunguzungu, au pedi kulowa chepechepe kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kidawa: Mie nilikitoa. Nesi yuko sahihi, hakikuwa na hitilafu yoyote, ila nilichoka kulala na pedi. Usikubali mtu akwambie ni lazima umalize miezi sita, mwili ni wako. Ila panga njia nyingine kabla hakijatoka, maana mimba inaweza kuingia mara moja.

Mama Pacha: Asanteni. Nyuzi nimezigusa, zipo, fupi vilevile. Kipimo cha mimba nafanya kesho asubuhi. Nesi, hilo tumbo la jioni naweza kumeza ibuprofeni?

Nesi Zamu ya Usiku: Unaweza, baada ya kula, kama huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, na kipimo kisisome mimba. Wengine huwapunguzia na damu.