Naomba ushauri: "yoku" na "hou ga ii" za Kijapani

Habari zenu wakuu. Wanaojua Kijapani naombeni msaada, najiandaa na mtihani wa JLPT (wa kupima ujuzi wa Kijapani) ngazi ya N4.

Vivumishi kugeuka vielezi kwa kanuni havinisumbui: hayai inakuwa hayaku (haraka), shizuka (tulivu) inachukua ni. Ninapokwama ni kwenye ii/yoi (nzuri), ambayo kielezi chake ni yoku, na ambayo naona imepewa kazi nyingi kuliko mshahara wake. Yoku wakaru ni kuelewa vizuri, yoku iku ni kwenda mara kwa mara. Halafu tabete mo ii ni ruhusa (unaweza kula), lakini tabeta hou ga ii ni ushauri (afadhali ule). Nimesoma kitabu cha sarufi na kujitengenezea kadi za sentensi. Nikisoma naelewa, nikitunga mwenyewe nakwama.

Maswali yangu:

Kitenzi kama miru kinakubali maana zote mbili, kuangalia vizuri na kuona mara nyingi. Mnatofautishaje yoku hapo, ni muktadha tu?

Na nikimwambia mtu aliyenizidi umri "yasunda hou ga ii desu yo", yaani afadhali apumzike, si itasikika kama namwamrisha? Mngesemaje kwa adabu zaidi?