Naomba ushauri: lijamu la poni anayetupa kichwa
Wakuu, poni (farasi mdogo) yuko Usa River, miaka 9. Lijamu lake, yaani chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, ni la kiungo kimoja katikati, upana sentimita 12.5, unene milimita 18. Hatamu zikivutwa anaachama na kutupa kichwa, na pembe ya kushoto ya mdomo imechubuka. Nimempima kwa kamba: mdomo ni sentimita 11.5 tu! Chuma kinateleza pembeni, kiungo kinamchoma kaakaa. Daktari wa mifugo ameshakagua meno, hayana shida. Nafikiria la viungo viwili, sentimita 12. Ninapokwama ni unene: ulimi wake umejaa mdomo, milimita 18 halina nafasi, ila 14 nahofia litamkandamiza zaidi. Mngechagua lipi? Hapandwi mpaka kidonda kipone. Na fundi ngozi mzuri wa kufupisha kanda za mashavuni zinazoshikilia lijamu, Arusha au Moshi?