Mradi wetu wa BOINC unafungwa: tunaagaje bila kumwaga kazi iliyo mkononi?

Kiongozi_wa_timu
Wakuu, habari za jioni. Kuna kompyuta 14 za maabara, zote Linux bila skrini, zinazohudumia mradi mmoja tu wa BOINC, ile programu ya kuazima nguvu za kompyuta za kujitolea kwa hesabu za utafiti. Wenye mradi wametangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao wanaacha kugawa kazi, na seva ya kupokea majibu itabaki wazi wiki mbili tu baada ya hapo. Kila mashine ina foleni ya siku 5, na kazi moja huchukua saa 9 hadi 11. Niuondoe mradi sasa au nisubiri hadi siku ya mwisho? Na pointi za timu zitaenda wapi?

fundi_seva
Usiuondoe sasa, na siku ya mwisho usiingoje. Kosa kubwa hapa ni kudhani kwamba kuondoa mradi ni kuaga. Ukiuondoa huku kazi ziko mezani, mashine inazifuta papo hapo, lakini seva inaendelea kuamini kuwa unazo. Miradi mingi hutuma kazi ileile kwa kompyuta mbili ili majibu yalinganishwe. Mwenzako aliyekwisha kumaliza nusu yake anakaa akikungoja hadi muda wako upite, ndipo kazi apewe mtu wa tatu. Mradi unaofungwa hauna siku za kupoteza namna hiyo.

Anza na foleni. Kwenye faili `global_prefs_override.xml` weka `work_buf_min_days` iwe 0.1 na `work_buf_additional_days` iwe 0, kisha:

`boinccmd --read_global_prefs_override`

Siku 5 za akiba zitajimaliza zenyewe, na mashine itaendelea kupata kazi chache chache. Ikibaki wiki moja kabla ya ugawaji kusimama, funga mlango wa kazi mpya:

`boinccmd --project ANWANI nomorework`

ANWANI iandike kama ilivyo kwenye `boinccmd --get_project_status`, herufi kwa herufi, hadi mkwaju wa mwisho. Ukiweka https mahali pa http, amri haitaupata mradi. Ukiona `Authorization failure: -155`, hujakosea neno la siri, umeendesha amri nje ya folda yenye `gui_rpc_auth.cfg`. Kwenye Debian na ndugu zake ingia kwanza `/var/lib/boinc` (matoleo ya zamani ni `/var/lib/boinc-client`).

Baada ya hapo angalia `boinccmd --get_tasks` kila siku. Kazi kumalizika hakumaanishi seva inajua. Kwanza faili la majibu linapakiwa, halafu ndipo taarifa inatumwa, na hayo ni mambo mawili. Ukiona `ready to report: yes`, faili limefika ila taarifa bado. BOINC hupenda kukusanya taarifa izitume kwa pamoja, kwa hiyo isukume kwa `boinccmd --project ANWANI update`.

Kazi unayoona wazi haitamalizika kabla seva haijazimwa, isitishe kwa jina lake:

`boinccmd --task ANWANI JINA_LA_KAZI abort`

kisha `update`. Hapo seva inaarifiwa saa ileile na kuipeleka kwingine. Hata kuacha kuna adabu yake. Orodha ikiwa tupu kabisa, ndipo uuondoe mradi kwa `boinccmd --project ANWANI detach`.

Pwani_Takwimu
Kuhusu pointi: hazihamishiki kwenda mradi mwingine, na wala hazipotei. Kinachounganisha akaunti zako za miradi mbalimbali ni namba ya utambulisho ya pamoja, nayo inategemea barua pepe. Kwa hiyo jisajili mradi mpya kwa barua pepe ileile, na usibadilishe anwani kipindi hiki cha kufunga. Tovuti za takwimu kama BOINCstats na Free-DC husoma mafaili ambayo kila mradi huyatoa, na zinabaki na namba za mwisho hata seva ikizimwa.

Pointi za kazi za mwisho zitachelewa, maana zinangoja jibu la mwenza lilinganishwe. Usishtuke. Cheti cha mchango na ukurasa wa timu vihifadhi mapema, maana vikizimwa hakuna wa kumwuliza.

Pointi 200 ni kazi ya siku moja ya kompyuta inayofanya hesabu bilioni 1 kwa sekunde. Ni kipimo cha jasho la mashine, hazisemi lolote kuhusu uzito wa matokeo.

Kiongozi_wa_timu
Nashukuru sana. Nimejaribu mashine moja hadi mwisho, ikatoka vizuri. Asubuhi nimekuta mradi umerudi wenyewe na kazi mpya mbili!

fundi_seva
Mashine hizo ziko chini ya meneja wa akaunti, yaani tovuti inayopanga miradi ya mashine nyingi kwa pamoja. Hakiki kwa `boinccmd --acct_mgr info`. Meneja akisawazisha anarudisha alichoandikiwa, kwa hiyo toa mradi kule kwenye tovuti ya meneja, au vunja uhusiano kwa `boinccmd --acct_mgr detach`. Zile kazi mbili zisitishe, usizifute kimyakimya.

Nyotambali
Niongeze kuhusu pa kwenda. Jiunge na mradi mpya leo, ila mgao wake wa rasilimali uweke 0 kwenye ukurasa wa akaunti. Sifuri maana yake ni akiba: mashine itachota kazi za huko pale tu mradi mkuu ukikosa, bila kurundika foleni. Siku ya mwisho unapandisha hadi 100 na hakuna saa iliyolala. Einstein@Home ni chaguo la kwanza kwa mashine za kawaida. LHC@home ina kazi nyingi zinazohitaji VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) na RAM ya kutosha. Folding@home haitumii BOINC kabisa, ina programu yake.

Na wanaosema mradi ukifungwa kazi imekufa, si kweli. SETI@home ya Berkeley, iliyotafuta ishara za viumbe wa nje ya dunia, ilianza 17 Mei 1999, ikaacha kugawa kazi 31 Machi 2020. Uchambuzi uliendelea miaka mingine: ishara kama bilioni 12 zilichujwa hadi zikabaki takriban 100, na darubini ya FAST ya China ikaelekezwa huko kuzitazama tena. Malariacontrol.net, mradi wa kuiga uenezi wa malaria kwa kompyuta, nao ulifungwa, ule wa taasisi ya tropiki ya Basel iliyoanzisha maabara ya Ifakara miaka ya 1950. Modeli yake, OpenMalaria, bado iko wazi kwa yeyote kuipakua.

Jambo dogo la mwisho: baada ya `detach` chungulia folda ya `projects` kama kuna mafaili yaliyobaki. Na faili la `account_` usimtumie mtu hata likiwa la mradi uliofungwa, lina ufunguo wa akaunti yako.

Kiongozi_wa_timu
Nimeelewa. Mgao nimeweka 0 kwenye mashine zote 14, foleni imeshuka hadi 0.1. Jumatatu nafunga mlango.