Tupeane uzoefu: kuulinda uboho wakati wa mionzi ya saratani ya mapafu

Mchora Mipaka

Wakuu, uzi huu tuujaze mambo ya kazi. Kifua kimebeba zaidi ya theluthi moja ya uboho hai (ule unaotengeneza damu) wa mtu mzima: pingili za mgongo, mbavu, kidari, makombe ya mabega. Ukipeleka 60 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30 hapo katikati huku dripu ya kemo inadondoka, chembe za damu zitashuka tu. Tunachogombania ni zishuke kiasi gani.

Naanza na uchoraji, yaani kuzungushia mipaka ya uboho kwenye picha za kupangia mionzi. Fungua picha ya CT kwa mwonekano wa mifupa. Ukichorea kwenye mwonekano wa tishu laini, mfupa wote unang'aa na mpaka unatoka nje bila wewe kujua. Chora pingili za kifua, T1 hadi T12, kisha toa mfereji wa uti wa mgongo. Usipoutoa, programu inahesabu neva kuwa uboho. Halafu andika umechora kutoka wapi hadi wapi. Hapa ndipo watu wanadanganyana: V10 (sehemu ya uboho inayopata 10 Gy au zaidi) ya asilimia 50 kwa aliyeishia T12 si sawa na ya aliyeongeza pingili za kiuno L1 na L2. Huyo wa pili kaongeza mfupa usioguswa, asilimia ikapendeza, na mgonjwa hajaokolewa chochote.

Fizikia Tu

Sawa mkuu, ila wengi tunaanzia mwisho. Pingili iliyobanana na uvimbe hakuna hesabu itakayoiokoa, itakula karibu dozi nzima. Zinazookolewa ni za juu yake na chini yake, na kinachoziokoa ni kufupisha urefu wa eneo linalopigwa mionzi. Mashine ikizunguka, mihimili inapita mlalo: pingili iliyo ndani ya ukingo inaguswa, iliyo sentimita chache nje inapata mtawanyiko tu. Pingili ya kifua pamoja na gegedu lake ni kama sm 2 na kidogo. Punguza sm 2 juu na sm 2 chini, umeokoa karibu pingili mbili kabla hujagusa programu.

Unazipunguza vipi? Kwa picha ya PET (inayong'arisha seli zinazokula sukari nyingi) inayoonyesha tezi zenye ugonjwa, uache kumwagia mionzi zile zisizo nao. Kwa CT ya 4D (inayofuatilia mwendo wa kupumua), ukingo wa kupumua ufuate mwendo halisi wa uvimbe badala ya kukadiria. Na kwa kupiga picha kila siku mgonjwa akiwa mezani, ili ukingo wa kulala vibaya nao upungue.

Kwenye vipaumbele, uboho ukae mkiani. Kwanza uvimbe ufunikwe, uti wa mgongo usizidi 45 hadi 50 Gy, V20 ya mapafu (sehemu inayopata 20 Gy au zaidi) iwe chini ya asilimia 35 na wastani wa dozi yake chini ya 20 Gy, kisha moyo. Ukiupandisha uboho juu ya hapo, dozi uliyoifukuza kwenye pingili inahamia pafu la upande wa pili. Hayo ni mauzo mabaya. V10 ya uboho yenyewe ni nadra kuua mtu, pafu lililovimba kwa mionzi linaweza.

Mchora Mipaka

Nyongeza kwa wanaotumia PET kutafuta uboho hai: mgonjwa aliyechomwa sindano ya kukuza chembe nyeupe karibuni, uboho wake wote unawaka. Na pingili moja inayong'aa peke yake usiiite uboho hai mpaka uhakikishe si ugonjwa uliosambaa.

Zamu ya Dripu

Upande wa wodini: picha kamili ya damu (kipimo cha kuhesabu chembe zote) kila wiki, bila kuruka. Limfosaiti, aina moja ya chembe nyeupe, ndizo zinaanguka kwanza, maana dozi ndogo tu inaziua, hata zikiwa zinapita zao kwenye moyo na mapafu. Kwa hiyo kulinda mfupa peke yake hakutoshi, moyo na mishipa mikubwa nayo ni suala la damu. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zinafuata kalenda ya kemo.

Mtego mmoja: deksamethasoni ya kuzuia kutapika inapandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Damu ikichukuliwa siku moja baada yake, majibu yanapendeza kwa uongo. Andikeni tarehe ya dozi kwenye fomu ya maabara.

Joto likifika 38.3 mara moja, au 38 likadumu saa nzima, ni dharura. Asingoje kliniki ya kesho.

Mgeni Uzini

Na hiyo sindano ya kukuza chembe nyeupe, kwa nini asipewe tu katikati ya mionzi?

Zamu ya Dripu

Kwa sababu unaziamsha seli changa zigawanyike huku mionzi inazipiga. Jaribio la miaka ya 1990 kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, lililotumia GM-CSF (aina moja ya sindano hiyo), liliona platileti (chembe za kugandisha damu) zikishuka zaidi kwa waliopewa. Uamuzi ni wa daktari, isiwe mazoea. Na damu ikishuka, kinachoahirishwa kwanza ni kemo. Mionzi ikikatwakatwa, uvimbe unapata nafasi ya kuzaana.

Fizikia Tu

Uboho uliopita 40 Gy mara nyingi haurudi, unageuka mafuta. Kwenye MRI ya T1 (aina ya picha ambayo mafuta yanang'aa, si pingili T1) utaona pingili nyeupe zimekatika sawasawa pale ukingo ulipoishia. Ugonjwa ukirudi, zihesabu hizo kabla ya kuandika dozi ya kemo mpya.