Vidonge kumi na saba
(Kikundi: Nyumbani Pongwe, Jumatano tarehe 24, usiku)

Rehema: Asalaam aleykum wote. Mmelala?

Dada Mwanaidi: Waaleykum salaam. Kuna nini saa hizi? Baba mzima?

Rehema: Mzima, ila miguu imevimba tena. Nimembonyeza kifundoni, shimo limebaki kama kwenye unga wa maandazi. Na sasa analalia mito mitatu ndipo apate pumzi.

Shabani: Si juzi tu katoka kliniki na dawa mpya?

Rehema: Ndiyo maana alipotoka kwenda Magharibi nikahesabu. Lasix, ile ya kupunguza maji mwilini, kapewa 30, kimoja kila asubuhi, kaanza tarehe 3. Leo vilitakiwa vibaki 8. Vipo 17.

Dada Mwanaidi: 17???

Shabani: Siku tisa hajameza. Tunachanga kila mwezi, yeye anaziweka tu. Inauma kwa kweli.

Dada Mwanaidi: Atakuwa anasahau, umri huo. Mnunulieni kile kiboksi chenye siku za wiki.

Rehema: Dada, carvedilol ya moyo hesabu iko sawa. Enalapril, nayo ya moyo, sawa. Hata ile ya kolesteroli ya usiku sawa. Zote ziko kopo moja la Blue Band. Mtu asahau moja akumbuke tatu?

Baba Mdogo: Mimi nilisema mapema. Madawa mengi yanachosha figo. Kitunguu saumu na mchaichai, wiki mbili tu mtaniambia.

Wifi Hadija: Shikamoo ba'mdogo. Kitunguu saumu ale kwenye pilau, hatumkatazi, lakini maji ya miguuni hakitoi 😄 Rehema, siku alizoruka ni zipi?

Rehema: Nitajuaje wifi

Wifi Hadija: Niandikie siku alizotoka nyumbani mwezi huu.

Rehema: Ijumaa tatu, msikitini mjini. Tarehe 8 kliniki ya macho. Msiba wa Korogwe siku mbili. Tarehe 18 serikali ya mtaa. Jumamosi arusini. Jana benki.

Rehema: Tisa 😳

Wifi Hadija: Basi hajasahau kitu. Hiyo ni dawa ya kukojoza. Ukimeza, haimalizi saa moja imeanza, na inakwenda masaa sita hivi. Sasa mzee wa miaka 71 kwenye daladala ya Pongwe, kabanwa na abiria, atamwambia konda amshushe mara ngapi? Na udhu je, khatibu ndiyo kwanza kapanda mimbari?

Shabani: Duh.

Wifi Hadija: Wodini hawa ndio tunaowaita wakaidi. Mmoja alikuwa anakata vidonge nusu vimfikishe mwisho wa mwezi. Mwingine kaacha enalapril kwa sababu ya kikohozi kikavu, hakuna aliyemwambia kikohozi chenyewe kinaletwa na dawa na ipo ya kubadilishiwa. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2003, hata nchi tajiri wanaofuata dawa za maradhi ya kudumu ni kama nusu tu. Kule vyoo viko kila kona.

Baba: Nawasoma

Dada Mwanaidi: Shikamoo baba 🙈

Baba: Marahaba. Nani kafungua kopo langu

Rehema: Mimi baba. Nisamehe.

Baba: 🎤 0:48

Shabani: Niko barabarani sisikii, kasemaje?

Rehema: Mwezi uliopita alipokwenda Muheza, kanzu ilimlowea ndani ya gari. Akaazima koti la mtu kujifunika. Anasema tangu siku hiyo akiwa na safari hamezi.

Mama: Ndiyo maana ile kanzu nyeupe aliifua mwenyewe. Miaka arobaini sijamwona na beseni.

Wifi Hadija: Pole sana baba. Siku ya safari si lazima umeze asubuhi. Wengi huruhusiwa kumeza wakirudi, mradi isiwe usiku ikawanyima usingizi. Kesho tuulize kliniki wakupangie saa zako. Hizo tisa usizilipe kwa kumeza mbilimbili. Na carvedilol usije ukaikata hata siku moja, moyo hautaki kuachiwa ghafla.

Wifi Hadija: Ila kwa miguu hiyo na mito mitatu tusingoje tarehe ya kadi. Kesho asubuhi aende. Akibanwa na pumzi usiku huu, msingoje hata hiyo asubuhi.

Shabani: Natuma hela ya mzani pia. Mara ya mwisho walisema apimwe kila siku, si ndiyo?

Wifi Hadija: Kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikipanda ndani ya siku tatu, hayo ni maji, siyo ugali.

Baba Mdogo: Kaka, nitakupitia na gari saa moja. Dawa umezee hapo hapo kliniki, choo kipo karibu na dirisha la kadi.

Baba: Saa moja kasoro. Foleni. Na kopo lirudi dirishani kwangu